Posa ya Wadi Kiss

Filimbi ya kwanza ilipulizwa kabla Haji Bumediani hajamaliza kutoa salamu.

Alikuwa amesimama ng'ambo ya bonde, juu ya mwamba wa kijivu, jilaba lake jeupe, lile joho refu lenye kofia, likivutwa na upepo wa baharini, hata ungedhani kuna mtu asiyeonekana anayemshika arudi nyumbani. Kati yake na sisi ilipita Wadi Kiss, mto wa mpakani. Mwezi ule wa Mei maji yake yalikuwa ya kumlowesha mbuzi magoti, si zaidi. Mtu mwenye mkono mzuri angerusha jiwe likafika. Lakini upande wao palikuwa na mnara wa askari, upande wetu palikuwa na kibanda cha askari na seng'enge, na jiwe hilo lingeandikiwa ripoti katika miji mikuu miwili.

"Asalaam alaikum, watu wa Duar Lkarma!" Sauti ya Haji ilitufikia vipande vipande. "Tumekuja kwa jambo la…"

Filimbi.

"…la heri! Tumekuja kwa jambo la heri!"

Filimbi tena, ndefu.

"Huyo mpuliza filimbi," mama alisema bila kugeuka, "leo hakupewa kifungua kinywa."

Nilikuwa nyuma yake, nimevaa kaftani ya kijani aliyoolewa nayo yeye, macho chini, mikono nimeikutanisha mbele, kama anavyotakiwa kusimama msichana anayeposwa. Jina langu ni Huaria binti Kaddur. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, na nilikuwa naposwa mbele ya majeshi ya nchi mbili.

Mahali penyewe watu wote wa kwetu wanapajua. Barabara yetu na barabara yao zinapinda kuelekea bondeni, zinakaribiana kama watu wawili wanaotaka kunong'onezana, kisha zinaachana. Ijumaa na sikukuu familia zilikuwa zinaegesha magari pale, huku na huku, zikapungiana mikono na kupigiana kelele: nani kazaa, nani kafa, nani kafaulu mtihani. Askari walizoea kuwaachia watu dakika tano, kumi, halafu wanawafukuza. Lakini posa? Tena posa yenye masinia? Hilo hawakuwahi kuliona, wala hakuna aliyewaelekeza walifanye nini.

Mpaka ulifungwa nikiwa na miaka tisa. Baba yangu, Kaddur, alikuwa dereva wa teksi ya kutoka Ujda, mji wa upande wetu, kwenda Maghnia, mji wa upande wao. Siku moja Agosti aliondoka asubuhi na abiria sita, akarudi saa nne nao wote sita, hakuna aliyeshuka. Alidhani ni jambo la wiki mbili. Mama mdogo Yamina, dada yake mama, ameolewa Ain Zbuj, kijiji kilicho ng'ambo, ambacho kutoka kwetu unakwenda kwa miguu kabla chai haijapoa. Wiki ile alikuwa amekuja kuazima chombo cha mama cha kuvukizia kuskusi. "Keshokutwa nakurudishia," alisema. Ilipita miaka kumi na tatu kabla ya dada hawa kushikana mikono tena, na siku hiyo tulikwenda kuzika.

Mume wa mama mdogo Yamina alifariki majira ya baridi ya mwaka 2007. Simu ilikuja alfajiri. Kutoka paa la nyumba yetu tuliyaona magari ya waombolezaji yakipanda kilima chao. Tuliweza hata kuyahesabu. Mama alitaka kushuka bondeni hivyo hivyo alivyo, na ndala zake. Baba alimshika kiunoni. Basi tukafanya kama sheria inavyotaka: treni kutoka Ujda hadi Casablanca, ndege hadi Algiers, basi hadi Tlemcen, teksi hadi Maghnia, teksi nyingine hadi Ain Zbuj. Siku mbili na kidogo. Tulipofika, udongo wa kaburi ulikuwa umeshakauka juu. Mama alikaa karibu na dada yake, wakatazamana, na neno la kwanza lililomtoka lilikuwa, "Umekonda." Yamina akajibu, "Na chombo chako ninacho."

Ni kwenye msiba ule nilipomjua Lakhdar. Alikuwa jirani, mtoto wa Haji Bumediani, fundi wa pampu za maji, mrefu, mwenye mikono yenye makovu ya spana. Kazi yake siku zile ilikuwa kubeba madumu ya maji kuyapeleka jikoni. Siku ya tatu alinikuta nimesimama juu ya paa, natazama upande wa kwetu.

"Nyumba yenu ni ile yenye tenki la bati," alisema.

"Umejuaje?"

"Mna mbuzi mweupe, mkorofi. Hupanda juu ya tenki kila asubuhi. Kuna siku mwaka jana alikaa huko mpaka adhuhuri, nikawa nawashangaa, hawa watu hawana ngazi?"

Nilikasirika. Mtu huyu amekuwa akitutazama miaka yote! Halafu nikacheka, msibani, nikaziba mdomo kwa shungi. Tangu nilipopanda treni kule Ujda sikuwa nimecheka.

Tulirudi kwetu kwa njia ile ile ndefu. Baada ya hapo ilikuwa simu. Mwaka mmoja wa simu. Yeye aliniambia mbuzi amepanda, mimi nikatoka nikamshusha. Mwisho wa mwaka ule nikamwambia mama kwamba nataka kuolewa na Lakhdar.

Mama alikuwa anachambua dengu. Hakuinua kichwa.

"Upande huu wanaume wamekwisha?"

"Hawajakwisha."

"Basi tafuta mmoja. Mimi kule nimeshapoteza dada. Sipeleki na binti."

"Mama, hafi mtu kwa kuvuka pale."

"Kufa? Aliyekufa nitamzika. Wewe utakuwa hai na nisikuone. Hilo hulijui wewe, mimi ndiye ninayelijua."

Hatukusemezana siku nyingi. Tulipika pamoja, tukafua pamoja, tukapeana vitu kwa mkono, kimya. Nilikuwa msichana mpole, kila mtu alisema hivyo. Shuleni mwalimu alinihamishia dawati la mbele kwa sababu nilipojibu hakunisikia. Lakini kwa jambo lile sikurudi nyuma hata hatua moja, na nadhani ndicho kilichomtisha mama zaidi.

Baba yeye alikuwa na jambo lake. Haji Bumediani alipompigia simu kuleta posa, baba alimsikiliza kwa adabu, akamwulizia afya, akamwulizia mvua, kisha akasema, "Haji, nakuheshimu. Lakini binti yangu hatolewi kwa simu. Binti huombwa ana kwa ana."

"Mimi nina miaka sabini na nane," Haji alisema. "Ndege siwezi, daktari amekataa. Pasi ya kuvukia hapa sipewi, wala hapewi mtu. Unataka nifanyeje, Kaddur?"

Nilikuwa nimesimama nyuma ya mlango nasikiliza, na sauti ya Haji kwenye simu ilinifikia hata pale.

"Wewe bado una macho?" baba aliuliza.

"Ninayo."

"Na mimi ninayo. Basi tuonane."

Ndivyo tulivyojikuta pale Ijumaa ile baada ya sala ya alasiri, baba na jilaba lake la sufi alilolitunza kwa ajili ya Idi, mama na uso wake uliofungwa kama duka siku ya mgomo. Alikuja. Hakusema kwamba amekubali, lakini alikuja, na asubuhi alinipigia pasi kaftani ile mara mbili.

Ng'ambo walikuwa kama kumi. Nilimwona Lakhdar kwa shati lake jeupe, amesimama nyuma ya baba yake, naye kimya, kwa kuwa mwoaji pia haongei siku hiyo. Mbele ya wote alikuwa mama mdogo Yamina, shali la manjano kichwani, masinia yamepangwa miguuni pake juu ya majabali. Kwa kuwa zawadi hazikuweza kuvuka, aliamua kuzionyesha. Aliinua moja moja juu ya kichwa na kuitangaza kwa ile sauti yake ya mtu aliyelea watoto saba.

"Sukari! Koni nne za sukari!"

"Tumeiona!" baba alijibu.

"Hina! Kitambaa cha hariri! Mishumaa!"

"Tumeviona, Mungu awabariki!"

"Pete!" Aliinua kidole. "Pete ya dhahabu!"

Baba alikunja uso akikinga jua kwa kiganja. "Pete hatuioni!"

"Basi aminini!"

Magari yalikuwa yameanza kusimama nyuma yetu. Mtu mmoja alicheka, mwingine akapiga makofi. Hapo ndipo askari wa mnara wa ng'ambo alipochukua kipaza sauti, na luteni wa upande wetu akatoka kibandani akiwa amevaa kofia yake vizuri, na wote wawili, kwa wakati mmoja, wakapaza sauti: "Tawanyikeni! Muda umekwisha! Ondokeni ukingoni!" Maneno yale yale, hata lafudhi ile ile. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka kumi na mitano kuzisikia serikali zile mbili zikikubaliana jambo.

Luteni alikuwa kijana, amenyolewa ndevu vizuri, si mtu wa kwetu. Alimwendea baba moja kwa moja.

"Kitambulisho."

Baba akampa. Luteni alikisoma mbele na nyuma.

"Dereva wa teksi. Leseni mpya."

"Ya mwaka huu, bwana luteni. Nimeisubiri miaka sita."

"Unajua wanaopitisha petroli ya magendo huwa wanapeana ishara mahali hapa hapa? Kwa vitambaa, kwa mishumaa? Nikiandika kwamba nimekukuta hapa na kundi la watu, mnaonyeshana vitu na watu wa ng'ambo, hiyo leseni utaisikia kwenye redio."

Niliuona mgongo wa baba ukiinama kidogo. Miaka yote ile baada ya mpaka kufungwa alikuwa ameendesha magari ya watu wengine, amebeba saruji, amechuma lozi mashambani, ndipo akapata tena teksi yake mwenyewe. Aligeuka, akanitazama, na nikajua atakachosema.

"Huaria, mwanangu. Twende. Tutatafuta njia nyingine."

"Hakuna njia nyingine, baba."

"Msikilize baba yako," luteni alisema, akamgeukia mama. Nadhani alitaka kutia utani kidogo, aonekane si mtu mbaya. "Na wewe mama, kwani upande huu wanaume wamekwisha, mpaka mkamtafute huko?"

Nilifumba macho. Lilikuwa swali lake mama, neno kwa neno. Nilingoja aseme: mwambie huyo, bwana luteni, mimi nimemwambia mpaka nimechoka.

Mama alimtazama yule kijana kuanzia viatu mpaka kofia.

"Wanaume wa upande huu," alisema polepole. "Wewe ndiye mmoja wao? Wewe unayewapulizia wazee filimbi?"

"Mama, chunga mdomo wako."

"Nimeuchunga miaka kumi na mitano! Unamwona yule mwenye shali la manjano? Ni dada yangu. Tumenyonya titi moja. Namsalimia hivi." Akapunga mkono hewani. "Kama mtu anayefukuza nzi. Mumewe amezikwa mimi naona kwa macho kutoka juu ya paa langu, nimefika siku ya tatu! Leo nina sababu ya kumwita kwa furaha, na wewe unaniletea habari za petroli. Tazama mguu wangu. Uko wapi? Uko kwenye nchi yako, pima, leta kamba upime. Kama ni sauti yangu iliyovuka, kimbia ukaikamate."

Watu wa kwenye magari walishangilia. Luteni aliwaka masikio. Mama hakumngoja, aligeukia bondeni, akakusanya viganja mdomoni, mwanamke yule mfupi aliyekuwa amekula kiapo kwamba hatoi binti, akapiga ukelele: "Haji! Endelea! Tunakusikia!"

Na Haji akaendelea. Alituombea dua, akawataja baba zake, akasema anaomba kwa jina la Mungu binti wa Kaddur kwa mwanawe Lakhdar. Baba alisimama wima tena. Kitambulisho chake kilikuwa bado mkononi mwa luteni, naye akajibu kwamba amesikia ombi, na kwamba yeye kwa upande wake ameridhia.

Kwetu mambo huishia hapo. Msichana huulizwa kwa sauti ndogo, hunyamaza, huinamisha kichwa, na kunyamaza kwake ndiko kukubali. Niliinamisha kichwa. Nilinyamaza vizuri kabisa, kama nilivyofundishwa.

"Simsikii!" Haji alipiga kelele.

Baba alijibu, "Amenyamaza, Haji! Amekubali!"

"Hapana!"

Haji alikuwa amepoteza sikio moja kwenye machimbo ya mawe, kwa baruti. Alilielekeza lile lililobaki upande wetu na kulikinga kwa kiganja.

"Kaddur, wewe nakujua tangu ulipokuwa unanibeba kwenda Ujda. Sikuja kukusikia wewe! Huyu mtoto anakuja kukaa mahali ambapo akilia, mama yake hawezi kuja. Kunyamaza ni kwa msichana anayeolewa mtaa wa pili. Huyu nataka aniambie mwenyewe. Aseme nisikie, au twende zetu!"

Hata luteni aliniangalia mimi.

Leo nina miaka thelathini na tisa, na swali lile la Haji nimelijibu mara nyingi kuliko siku ile moja. Nililijibu nilipomzaa Mansuria, saa kumi na nane za uchungu katika hospitali ya Maghnia, mama akiwa kwenye simu upande wa pili, ananiambia pumua, mpaka chaji ikamwishia. Nililijibu walipochimba handaki upande huu na kusimamisha uzio wa chuma upande ule, mrefu kuliko mtu aliyembeba mtu begani. Nililijibu mwaka 2021, nchi zilipokatana kabisa na ndege ikafutwa, njia ya siku mbili ikawa ya siku nne, kupitia Tunis. Na nililijibu mwaka uliofuata, baba alipofariki. Mazishi niliyaona. Nilisimama juu ya mwamba wa Ain Zbuj na kumwona baba yangu akibebwa mabegani kupandishwa kilimani, jeneza dogo kama kiberiti, nami nikatembea. Nilitembea sambamba nao upande wangu wa bonde, hatua kwa hatua, mpaka askari wa doria akanisimamisha. Nilimwambia, "Nasindikiza." Alitazama ng'ambo, akaelewa, akasema, "Basi tembea, lakini usiinue mkono." Niliinua. Niliinua yote miwili.

Haji alijua yote hayo siku ile, bila kuyajua moja moja. Alinitendea haki ambayo hakuna mtu mwingine aliyenitendea: aliniuliza nikiwa bado upande wa kwetu.

Nilipita mbele ya mama. Nilipita mbele ya baba. Luteni alinyoosha mkono kunizuia, kisha akaurudisha, nadhani hakujua ni wapi pa kumshika msichana anayeposwa. Nilisimama pale seng'enge inapoanzia.

"Nimekubali," nilisema.

Hata mama, aliyekuwa hatua tatu nyuma yangu, hakunisikia.

"Nini?" Haji aliuliza.

"Nimekubali!"

Upepo uliichukua ukaipeleka baharini. Ng'ambo niliona Yamina akimtikisia Haji kichwa: bado.

Nikavuta pumzi. Nilikumbuka dawati la mbele. Nilikumbuka adabu zote nilizofundishwa za mahali ambapo sauti ya mwanamke inapaswa kuishia: mlangoni, dirishani, kwenye ukuta wa ua. Hasira ilinipanda, na sikuwa nimemkasirikia luteni peke yake.

"Mimi Huaria binti Kaddur wa Duar Lkarma!" Koo liliniuma. "Namtaka Lakhdar mwana wa Bumediani! Nimekubali mwenyewe! Nakuja! Watake wasitake, nakuja!"

Kuta za bonde zililirudisha neno la mwisho mara mbili. Nakuja. Nakuja. Nikaona shati jeupe likijisahau, likitoka nyuma ya Haji, mikono imeshika kichwa.

"Sasa nimesikia!" Haji alisema. "Alhamdulillahi! Msichana ana mapafu!"

Mama mdogo Yamina alipiga vigelegele. Vilikuja vikali, vya juu, vikapita juu ya maji na waya na kofia za askari. Kisha mama, nyuma yangu, akajibu. Sikuwahi kumsikia mama akipiga vigelegele tangu mpaka ulipofungwa, katika harusi zote alizohudhuria alikuwa mtu wa kupiga makofi tu. Alivipiga mpaka pumzi ikamwishia, akavuta nyingine, akapiga tena, na honi za magari zikamfuata.

Baba aliinua viganja kusoma Fatiha. Ng'ambo Haji aliinua vyake. Wanaume wa kwenye magari wakashuka, wakainua. Katika mnara wa ng'ambo yule askari aliweka kipaza sauti chini, akakunjua viganja vyake mbele ya kifua. Luteni wetu hakuinua mikono. Alibaki ameishika mgongoni, na kitambulisho cha baba ndani yake, lakini midomo ilikuwa inakwenda, na alingoja mpaka tukasema amina.

"Haya," alisema baada ya hapo. "Wewe mzee, gari la kituoni."

Hakutania. Baba alilala kituoni usiku mmoja, na leseni ilizuiwa miezi minne. Aliporudi nyumbani aliketi uani, akavua viatu, akasema mgongo wake ulikuwa unaomba likizo tangu zamani. Mama alimletea maji ya kunawa. Usoni alikuwa na kitu ambacho ningekiita furaha kama ningekuwa simjui.

Niliolewa Septemba. Treni, ndege, basi, teksi mbili. Mama alinisindikiza mpaka Casablanca na kwenye mlango wa uwanja wa ndege alinipa mfuko wa lozi, akanirekebisha shungi, akasema, "Ukilia, lia na mlango wazi, Yamina akusikie." Akageuka akaenda zake kabla sijaanza.

Wiki mbili baadaye ilinibidi nijiandikishe kama mgeni. Ofisi ilikuwa chumba kimoja chenye feni mbovu, dirisha moja, na karani mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Lakhdar alisimama pembeni yangu. Nyuma yetu palikuwa na foleni.

"Unatoka wapi?" karani aliuliza.

"Duar Lkarma."

Alikwishaandika. Niliisoma kichwa chini: Casablanca.

"Hapo umekosea," nilisema.

"Ndiko ulikopandia ndege. Imo kwenye pasi yako."

"Nimepita tu. Casablanca sijawahi hata kulala. Fomu inauliza natoka wapi."

"Dada, hiyo Duar sijui nini siijui mimi. Nitaiandikaje?"

"Geuka."

"Nini?"

"Geuka, utazame dirishani."

Lakhdar alinivuta mkono wa nguo. Mtu mmoja kwenye foleni aliguna. Karani alitazama juu ya miwani yake, akaniona sisogei, akageuka na kiti kizima. Dirishani palikuwa na barabara, mnara, bonde, na ng'ambo ya bonde kilima chenye milozi na nyumba chache zilizopakwa chokaa. Mtu alikuwa anaanika nguo.

"Pale?"

"Pale."

Kisha akarudi mezani, akachukua kalamu, akapiga mstari juu ya Casablanca.

"Nitajie," alisema. "Herufi moja moja."

Nikamtajia. Akaandika, akauliza safari ilichukua muda gani, nikamwambia siku mbili na nusu. Hakucheka. Akanisogezea karatasi nitie sahihi, na mimi, foleni yote ikiwa inanisubiri, nikaisoma kwanza, kuanzia mstari wa juu.